Thomu ya Mwitu na Isnadi Yake

Miongoni mwa vyakula alivyoruzukiwa mwanadamu kuna vinavyopatikana kwa fedha na vinavyopatikana kwa jasho, na iko aina nyingine, haba kuliko hizo, ambayo fedha haiinunui wala jasho haliitoshi, kwa kuwa hupatikana kwa kupokea tu: ajuaye humshika mkono asiyejua, akampeleka mahali pake, akamwonyesha jani, akamwambia kwamba hili ni chakula na lile lililo pembeni yake ni mauti. Mboga za mwitu zote ni za aina hii. Nimeishi sehemu kubwa ya umri wangu katika mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mbali na Pangani nilikozaliwa, na katika mambo niliyojifunza huko nje ya darasa na nje ya kazi, thomu ya mwitu ndiyo iliyonibainishia kuliko kitu chochote kwamba elimu ya namna hii ina isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, kama zilivyo nayo hadithi za Mtume, na kwamba msimulizi mmoja akikosekana katikati, kinachobaki ni uvumi.

Sheffield ulipata sifa duniani kwa visu na chuma, na wageni wengi huudhania kuwa ni moshi mtupu. Walakini mji ule umekaa juu ya vilima, na mito mitano huteremka humo, Don, Sheaf, Porter, Rivelin na Loxley, ambayo zamani ilizungusha magurudumu ya viwanda vya kunolea visu. Kazi ya magurudumu ilipokwisha, mabonde yalirejea polepole kuwa misitu. Katika bonde la Rivelin, mwezi wa Machi unapoingia, ilhali miti mikubwa ingali haina jani hata moja, ardhi yenye unyevu kando ya maji hufunikwa na majani mabichi, laini, marefu kama shubiri, yaliyochongoka ncha, na aghalabu mpita njia huipata harufu ya thomu kabla hajayaona. Aprili na Mei mmea hutoa maua meupe yenye petali sita, yaliyokusanyika juu ya kikonyo kimoja. Na mwezi wa Juni, miti ikishatandaza kivuli chake, wote hunyauka na kutoweka, usibakie ila tunguu jembamba chini ya udongo. Hujimalizia maisha yake ya juu ya ardhi katika muda ule mfupi ambao jua huweza kufika chini ya miti.

Mbegu zake hazina mabawa ya kurukia wala miiba ya kunasia nguo za wapitao. Nyingi huanguka karibu na mama yao, zikaota pale pale. Kwa ajili hiyo mmea huu husafiri kwa mwendo wa taratibu mno, na mahali unapoonekana umetanda bonde zima, mwenye kujua hutambua kwamba msitu ule haukuota jana. Waingereza huhesabu kuwa msitu wa kale ni ule uliokuwapo bila kukatika tangu 1600, na thomu ya mwitu ni miongoni mwa dalili wanazozitazama wanapotaka kuutambua.

Nilipoipata harufu ile kwa mara ya kwanza mkono wangu haukunyooka kuchuma, na sababu yake ni malezi. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akituchukua sisi wajukuu baada ya mvua za masika kwenda kondeni kutafuta mchunga, mnavu na mgagani. Mchunga ni mchungu kweli kweli, naye alikuwa akiuchemsha, akaumwaga maji, akaukamua, ndipo akautia tui la nazi. Na uchungu mdogo uliobaki ulikuwa ndio utamu wake. Hakuwa mtu wa kufafanua. Alichuma jani, akatupa tulinuse, akaligeuza tulione tumbo lake, kisha akatuacha tujaribu wenyewe. Na likikutwa jani moja lisilojulikana ndani ya kikapu, kikapu kizima kilimwagwa, bila ya matusi wala hasira, tukaanza upya. Alitusimulia pia habari za ndiga, kiazi cha mwitu ambacho watu wa nyuma ya pwani hukichimba wakati wa njaa, kilicho na sumu, kisichoweza kuliwa mpaka kimenywe, kikatwe vipande, kiloweshwe katika maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Njaa, alikuwa akisema, haimwondolei mtu wajibu wa kusubiri. Basi mimi niliyekuzwa hivyo nilipita katika bonde la Rivelin majira baada ya majira, nikinusa na kwenda zangu.

Aliyenifungulia mlango alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ajuza wa Kiingereza, mjane wa mnoa visu, ambaye alikuwa akiniita mpenzi kama watu wa Sheffield wanavyomwita kila mtu, hata dereva wa basi. Yeye alifundishwa na shangazi yake wakati wa vita. Mwaka 1940 Ufaransa ilipotekwa, vitunguu vilivyozoea kuletwa kutoka huko vilikatika, na kitunguu kimoja kikawa tunu. Chakula kiligawiwa kwa kadi, na mgao ule haukwisha kabisa mpaka 1954. Watu wa mijini waliokuwa wamesahau mabonde yao walilazimika kuyakumbuka, na waliokuwa na shangazi mjuzi walikula vizuri kuliko wasiokuwa naye. Asubuhi moja alinikuta nimesimama penye uzio wa shamba, nikiyatazama majani.

"Unayajua hayo, mpenzi?"

Nilimjibu kwamba naijua harufu yake tu.

"Harufu ndiyo mwongo wa kwanza," alisema, akainama kwa tabu kwa sababu ya magoti yake, na darsa likaanza.

Maana yake nilikuja kuifahamu baadaye kidogo. Pua ni shahidi mwema kwa jani la kwanza. Lakini mtu akishachuma konzi moja, vidole vyake vimekwisha kulowa harufu ya thomu, na kila atakachokigusa baada ya hapo, kiwe chakula au kiwe sumu, kitanukia thomu. Kwa hiyo jicho lazima lifanye kazi ambayo pua haiwezi. Alinionyesha kwanza mmea uitwao aramu, ambao huota katikati ya thomu ya mwitu kana kwamba wamezaliwa tumbo moja, na ambao majani yake machanga hayajapata bado yale masikio mawili ya chini yanayoyafanya yafanane na ncha ya mshale. Tofauti iko katika mishipa: mishipa ya thomu ya mwitu hukimbia sambamba kwa urefu wa jani, ilhali ya aramu hutawanyika na kukutana mithili ya wavu. Jani la aramu lina chembe kali kama sindano zisizoonekana, na mwenye kulitafuna huungua mdomo na koo.

Wa pili ni nyinyoro ya bondeni, ua lipendwalo sana na watu wa Ulaya kwa manukato yake, na ambalo sumu yake huushambulia moyo. Hapa alinifundisha kutazama chini na si juu: kila jani la thomu ya mwitu huinuka kutoka ardhini peke yake, juu ya kikonyo chake lenyewe, bali nyinyoro hutoa majani mawili au matatu katika shina moja, na tumbo la jani lake hung'aa, wakati tumbo la jani la thomu ya mwitu limefifia. Wa tatu ndiye aliyenitisha kuliko wote. Ni kolchikamu, mmea uchanuao maua yake wakati wa kupukutika kwa majani na kutoa majani yake wakati wa kuchipua, majani magumu yasiyo na vikonyo, yanayotoka pamoja katika tunguu moja. Ndani yake imo kolchisini, ambayo madaktari huitumia kwa vipimo vidogo mno kutibu jongo. Lakini mwenye kula majani hujiona mzima kwa saa kadhaa, na dalili zinapodhihiri sumu imekwisha enea mwilini. Katika Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako watu wana mapenzi makubwa na thomu ya mwitu, si ajabu majira ya kuchipua yakaleta hospitalini watu waliokosea baina ya mimea hii miwili, na wapo waliofariki. Wengi wao hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka.

Nilipokwisha kuyaelewa hayo, alinirudisha tena na tena kwa majira mazima, akinitaka nimtajie kila jani kabla ya kulikata, mpaka siku aliyokaa juu ya gogo akawasha sigara yake na kuacha kunitazama. Hiyo ndiyo iliyokuwa ijaza yangu. Alinitaka pia nikate kwa mkasi, jani moja kutoka kila mmea, nikanyage kando ya njia na si katikati ya majani, na nising'oe tunguu. Hili la mwisho nilidhani ni adabu yake tu, kumbe ni sheria ya nchi. Katika Uingereza na Wales, Sheria ya Wizi ya 1968 haimhesabu kuwa mwizi mtu achumaye majani, maua au matunda ya mmea uliojiotea mwituni, madhali hachumi kwa ajili ya kuuza. Lakini Sheria ya Viumbe wa Porini na Mashamba ya 1981 inamkataza kung'oa mmea wowote wa mwitu bila ya ruhusa ya mwenye ardhi. Juu ya hayo yote ajuza yule aliniongoza mpaka kwa mkulima mwenye kipande cha msitu, akanijulisha kwake kwa jina, tukaomba ruhusa. Na siku ya ruhusa ile naihesabu kuwa ndiyo siku niliyoanza kuwa mwenyeji wa Sheffield, ingawa nilikuwa nimekwisha kaa huko miaka kadhaa.

Mfungo wa Ramadhani wa 1990 ulianza mwishoni mwa Machi, wakati majani yamefikia ubora wake, na hapo ndipo jiko langu lilipokutana na masuala ya fikihi. Kila Mwislamu wa pwani anajua kwamba Mtume alimtaka aliyekula thomu ajitenge na msikiti, na kwamba agizo lile limehusishwa na harufu. Nami nilikuwa na mume wa kumwandalia futari ambaye punde angetoka kwenda kusali tarawehe amebanana na wenziwe bega kwa bega. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba mwenye kutaka kula thomu na vitunguu avipike mpaka harufu ife. Wanakemia wa leo wanasema vivyo hivyo kwa lugha yao: ndani ya jani zima harufu bado haijazaliwa, bali jani likipondwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na kiini kilichotengwa nacho, na hapo huzuka alisini, ambayo ndiyo ukali wa thomu, na moto wa kutosha hukivunja kimeng'enya kile kabla hakijamaliza kazi yake. Basi nilipanga chakula changu kwa kanuni hiyo. Iliyopikwa ikawa ya futari, na mbichi ikangoja daku, au siku ya mume wangu kuwa mapumzikoni.

Kwa futari niliitia ndani ya kachori. Viazi vilivyochemshwa na kupondwa, pilipili mbichi, chumvi, ndimu, na konzi mbili za majani yaliyokatwa membamba, nikaviringa matonge, nikayachovya katika unga wa dengu uliokorogwa kwa maji na bizari, nikayakaanga. Niliipika pia kwa namna ya mchicha: kitunguu kikaangwe mpaka kilainike, nyanya moja, tui zito, na majani yatiwe mwisho kabisa, yageuzwe mara mbili na sufuria iepuliwe, kwa kuwa ukiyaacha juu ya moto yatalegea yawe kamasi na utamu wote utapotea. Samaki wa kule aitwaye makereli, ambaye ni ndugu wa vibua vyetu, nilimpasua mgongo, nikamjaza majani yaliyopondwa pamoja na pilipili na chumvi, nikambanika. Majirani wa Kipakistani walipoonja walitaka kujua dukani kwa nani hununuliwa.

Mbichi, hakuna kinachoishinda chatini ya nazi. Twanga majani pamoja na pilipili mbichi na chumvi katika kinu kidogo, utie nazi iliyokunwa, ukamulie ndimu, ukalie na muhogo wa kuchemsha. Kule Uingereza muhogo hupatikana katika maduka ya Waafrika na Wahindi, ukiwa umepakwa nta, nao unafaa. Wenyeji, wakifuata Wataliani, hutwanga majani haya pamoja na mafuta ya zeituni, kokwa na jibini kavu, na siku hizi mikahawa ya fahari huyauza mapishi hayo kwa bei isiyo na haya. Nimeyala mara nyingi na sikatai kwamba ni matamu, lakini naona kwamba chumvi ya jibini hushindana na ukali wa jani, ambapo nazi huupokea ule ukali na kuutuliza. Ajuza yule hakupenda hiki wala kile. Yeye aliipika kwa viazi na maziwa ikawa supu, akaila na mkate uliopakwa siagi, na kwa usiku wa baridi supu ile ina haki yake. Maua nayo huliwa, na ni makali kuliko majani. Na vitumba vya mbegu vikiwa bado vibichi hutiwa katika siki na chumvi vikawa achari nzuri.

Iko hatari moja ya jikoni ambayo haina budi kutajwa, kwa kuwa wapishi wengi hawaijui. Thomu mbichi ikizamishwa ndani ya mafuta na kuachwa nje, hunyimwa hewa, na pasipokuwa na hewa huweza kukua vijidudu vinavyotoa sumu ya botulizimu, ambayo haibadilishi rangi wala ladha. Chochote cha namna hii kikae ndani ya jokofu na kiliwe kwa siku chache. La sivyo kigandishwe.

Juu ya kuipanda sina maneno mengi, kwa kuwa mmea huu hauhitaji bidii bali subira. Mbegu zake hutaka joto kwanza kisha baridi kabla ya kuota, na huweza kulala ardhini zaidi ya mwaka, na mche uliotokana na mbegu huchukua miaka kabla ya kuchanua. Mimi nilipewa na jirani matunguu ya bustanini kwake yakiwa bado na majani, nikayafukia chini ya mtufaha, upande usiopata jua la mchana, katika udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Mwezi wa Juni yalipotoweka mume wangu alinipa pole, akidhani yamekufa. Machi iliyofuata yalirudi, na baada ya miaka michache yalikwisha vuka mpaka wa bustani yangu na kuingia kwa jirani wa upande wa pili, nikawa sina budi kuyang'oa kila mwaka kwa jembe la mkono. Mwenye uwanja mdogo na apande ndani ya chungu. Pia asichanganye mmea huu na nduguye wa kigeni mwenye shina la pembe tatu na mstari wa kijani katikati ya kila petali, aliyeletwa kutoka nchi za Mediterania. Naye huliwa, lakini ile sheria ya 1981 imemtia katika orodha ya mimea ambayo ni kosa kuiotesha mwituni, kwa sababu huenea na kuwabana wenyeji. Nami, mgeni mwenziwe, niliisoma hukumu yake nikacheka peke yangu.

Mwaka wa mwezi hutangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, ndiyo sababu Ramadhani huzunguka majira yote na kurejea mahali pake baada ya miaka kama 33. Mwaka 2023 ilirudi tena mwishoni mwa Machi, majani yakiwa katika ubora ule ule. Ajuza yule alikwisha fariki zamani, na mkulima wa sasa ni mtoto wa yule niliyemwomba ruhusa. Siku hizi mabinti waliotoka Tanga na Unguja, wanaosoma katika vyuo vya Sheffield, hunijia wakinyoosha simu zao: wamepiga picha ya jani, na simu imewaambia jina lake. Mara nyingi simu husema kweli, siikatai. Lakini picha haionyeshi iwapo jani limetoka ardhini peke yake au limeshirikiana shina na wenziwe, wala haimwulizi mchumaji kama ana uhakika na kila jani lililomo ndani ya mfuko wake, na msimulizi asiyeweza kuulizwa alipokea kwa nani, wanazuoni wetu hawakumkubali. Huwa nawaambia waiweke simu mfukoni tukatoka pamoja, wakanitajia kila jani kabla ya kulikata, nami nikakaa juu ya gogo, bila ya sigara. Wawili kati yao sasa nawaacha waende peke yao.

Msomaji uliye Ulaya na ukatamani kuchuma, mtafute kwanza mtu wa mahali hapo aliyeila miaka mingi, uende naye majira mazima ukiwa mtazamaji, na umwombe ruhusa mwenye ardhi. Ukimkosa mtu huyo, nunua thomu ya dukani. Chatini itakuwa nzuri vile vile.